Hakuna Risiti ya Sufuria

Nikiwa darasa la saba, mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa insha ya wikendi: "Uraibu Wangu." Mimi niliandika kuhusu kusoma hadithi. Nilipakia methali tatu, tashbihi za kutosha na ile "nilifurahi ghaya ya kufurahi" ambayo kila mtoto wa shule nchini aliijua, nikapata 34 kwa 40. Dada yangu, aliyekuwa darasa la nane shule hiyo hiyo, alipewa mada ile ile. Yeye aliandika, "Uraibu wangu ni kupika." Alipata 36, insha yake ikasomwa mbele ya darasa, na Mama akaibandika ukutani kando ya kalenda.

Mwaka jana tulikuwa kwake Umoja, tunakula chapo na ndengu alizopika yeye, nikamkumbusha ile insha. Alicheka hadi akaweka sahani chini.

"We, mimi nachukia kupika. Ilikuwa Jumamosi usiku, nimetoka kuosha masufuria, natafuta kitu ninachofanya kila siku ndiyo niandike. Kulikuwa na kupika tu. Ungetaka niandike nini? Kuogelea?"

Nilicheka pia, lakini chapo ilinikwama. Jumamosi hiyo naikumbuka vizuri. Nilikuwa kwenye kochi, miguu juu, nasoma. Uraibu wangu ulikuwa wa kweli kwa sababu kulikuwa na mtu jikoni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikirudia vitabu vya Kiswahili tulivyosomeshwa, na vingine tulivyojisomea, nikiwa na swali moja la kijinga: hapa nani anaosha vyombo? Si swali ambalo mtihani huuliza. Tulifundishwa kutafuta maudhui, dhamira, sifa za wahusika na mbinu rejeshi. Hakuna aliyetuambia tuangalie sinki. Ila ukiangalia, utaona kitu kimoja kikijirudia: katika fasihi yetu kazi ya nyumbani huonekana pale mama anapougua, anapoondoka au anapokufa. Na ikishaonekana, haigawanywi. Inarithiwa na mwanamke mwingine.

Tuanze na mama wa wote, Mwana Kupona binti Mshamu. Utendi wake aliutunga mnamo 1858, kwa Kiamu, akimuusia binti yake Mwana Hashima. Mama alikuwa mgonjwa, ameugua mwaka mzima, na alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Anamwita binti akae karibu na wino na karatasi, kisha anaanza kumfundisha namna ya kuishi: dini kwanza, adabu, halafu mume.

Sehemu ya mume ndiyo iliyomletea Mwana Kupona sifa na lawama. Anamwambia binti amwache mume alale bila kumwamsha, asiinuke kando yake, ampepee, amkande mwili, amwekee chakula, amtunze usafi na manukato, na amlee kama mtoto mchanga asiyejua kusema. Radhi za mume ndizo ufunguo wa pepo. Ukiisoma leo ndani ya matatu ukielekea kazini, unaweza kuifunga simu kwa hasira. Wasomi wengi wamefanya hivyo, kwa lugha nzuri zaidi. Wengine wamemtetea kwamba alikuwa anampa binti mbinu ya kuishi salama ndani ya nyumba ambayo sheria zake hakuziandika yeye.

Mimi nataka niseme kitu cha tatu. Tukiacha kidogo suala la utiifu, tusome utendi huo kama orodha. Mwana Kupona anafanya jambo ambalo waandishi wetu wengi waliokuja baadaye hawakujisumbua kulifanya: anaitaja kazi, moja baada ya nyingine. Kupepea ni kazi, na ina mkono unaochoka. Kukanda ni kazi. Kungoja mtu aamke, bila wewe kuinuka, ni kazi tena ngumu. Huwezi kumaliza zile beti ukaendelea kusema kwamba mwanamke wa nyumbani "hafanyi kitu". Kuna mtu ameandika stakabadhi, bidhaa kwa bidhaa, akaitia vina.

Lakini stakabadhi hiyo ina pengo, na ni lazima tulisome nalo. Mwana Kupona anamwonya binti asichangamane na watumwa ila wakati wa huduma. Soma hapo polepole. Kumbe ndani ya nyumba ile kulikuwa na watu wengine. Binti atampepea mume, ndiyo, ila nani alichota maji? Nani alitwanga? Nani alifua hizo nguo zinazofukizwa udi? Wapo ndani ya utendi kwa sababu moja tu, kwamba binti asiwazoee. Kazi ya bibi wa nyumba imepata beti, ya mtumwa imepata onyo.

Si haki kumpima mwanamke wa Pate wa karne ya kumi na tisa kwa mizani ya Nairobi ya leo. Lakini ni haki kuuliza kama sisi wa Nairobi ya leo tumesonga mbele yake.

Chukua *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Watu hukumbuka Rosa na yaliyompata, na jinsi kitabu kilivyozua kelele mashuleni Tanzania. Lakini rudi Namagondo, Ukerewe, uangalie nyumba yenyewe. Zakaria ni baba mlevi. Regina ndiye anayeibeba nyumba, mabinti wakiwa nyuma yake. Kezilahabi anamchora Zakaria kwa ukali, hilo tumpe. Ila ukali wake unauchoma ulevi na kipigo. Kwamba baba angeweza kuwa mlevi *au* asiwe mlevi, na bado asishike ufagio hata siku moja, hilo halimshangazi mtu yeyote ndani ya kitabu. Zakaria asiyelewa angekuwa baba mzuri, basi. Regina hana hiyo njia ya mkato ya kuwa mzuri. Akipumzika siku moja, nyumba italala njaa.

Au *Siku Njema* ya marehemu Ken Walibora, ya 1996, riwaya iliyowafanya wengi wetu tupende Kiswahili. Zainabu Makame, mamake Kongowea, ni mwimbaji wa taarabu. Fikiria hilo: mama mwenye sanaa yake, mwenye sauti inayotoka nje ya nyumba, anayejulikana kwa kitu kisichokuwa wali wake. Wahusika wa namna hiyo ni wachache hadi leo. Na anakufa mapema. Najua, lazima afe ili Kongowea aanze safari ya kumtafuta baba. Lakini nikimweka Zainabu kando ya dada yangu na insha yake, natamani kurasa hamsini zaidi za huyo mama akifanya mazoezi ya wimbo huku chungu kikiwa motoni. Alipata wapi muda? Nani alimshikia mtoto? Hilo swali lina riwaya nzima ndani yake, na bado sijaisoma.

Sasa tuje karibu. *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei ilisomwa na kizazi kizima cha kidato cha nne. Ukoo wa Lunga Kiriri unaporomoka, mke wake Naomi anaondoka, Lunga anafariki. Nani anabaki na nyumba? Umulkheri, binti, na wadogo zake wawili. Pamoja nao yuko Sauna, kijakazi wa nyumbani, ambaye anawaiba Dick na Mwaliko na kuwapeleka kwa Bi Kangara.

Kisa hicho kimeandikwa vizuri na biashara ya watoto ni ukweli mchungu. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na hesabu. Matei anampa Sauna maisha ya nyuma yenye maumivu, kumbe anajua kwamba mtu huyu ni mtu. Lakini ukitaja mfanyakazi wa nyumbani katika vitabu vyetu vya shule, jina la kwanza linalokuja kichwani ni la mwizi wa watoto. Wale wengine maelfu wanaoamka saa kumi na moja, wakawasha gesi, wakatayarisha uji na kumvisha mtoto wa wenyewe sare ilhali wa kwao yuko ushago kwa nyanya, wako wapi? Mwana Kupona alisema usichangamane nao ila wakati wa huduma. Sisi tumeongeza: na uwachunge, wanaiba.

Katika hili, runinga imetushinda. *Auntie Boss!* iliwaweka mayaya na wasichana wa kazi katikati ya kioo, ikawapa utani, tamaa, urafiki na siku ya off. Shiru, aliyeigizwa na Nyce Wanjeri, si msafi wa moyo wala si shetani. Ni mtu mwenye kazi na mdomo. Wanjeri alishinda tuzo ya AMVCA mwaka 2018 kwa ajili yake, na alistahili. Unaweza kusema ni vichekesho tu. Sawa. Lakini vichekesho vilimpa mama wa kazi kitu ambacho riwaya zetu hazijampa: muda wake mwenyewe. Katika kipindi kile unawaona wakiwa wamemaliza kazi. Wameketi, wanasengenya, wanapaka kucha rangi. Ni mara ya kwanza nilipoona kwenye Kiswahili chetu mtu wa kazi akiwa hafanyi kazi, na asiwe anapanga njama.

Halafu kuna *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege, tamthilia ambayo wadogo zetu wameisoma shuleni. Hii ndiyo iliyonirudisha kwenye mada, kwa sababu Arege anaigusa moja kwa moja. Sara ni mgonjwa, hana nguvu za kupika. Mumewe Yona yupo. Anayekuja kusaidia jikoni ni Dina, rafiki na jirani. Na wanawake hao wawili, mmoja akiwa amechoka na mwingine akiwa na shughuli zake, wanazungumza habari ya wanaume na jiko, kwamba mila haimpi mume nafasi pale, na kwamba dunia inabadilika.

Nilipofika hapo nilisimama. Hatimaye! Mtu ameuliza. Lakini angalia kinachotokea jukwaani wakati swali linaulizwa. Mwanamke mgonjwa anamweleza mwanamke wa jirani kwa nini mwanamume mzima hawezi kupika, na huyo jirani *anapika*. Mjadala unasonga mbele, ila jiko limebaki pale pale. Sijui kama Arege alikusudia kejeli hiyo au ilijipenyeza yenyewe, lakini ndiyo picha ya kweli kuliko zote nilizokutana nazo. Hivyo ndivyo mambo yalivyo katika nyumba nyingi ninazozijua. Tunakubaliana kwamba mambo yanafaa yabadilike, halafu dada anainuka kuepua sufuria.

Weka visa hivyo pamoja. Mwana Kupona anaugua, orodha inamwangukia Mwana Hashima. Naomi anaondoka, nyumba inamwangukia Umu. Sara anaugua, jiko linamwangukia Dina. Wanaume wako karibu katika visa hivi, wazuri kwa wabaya, walevi kwa waliotubu, na kijiti kinapita juu ya vichwa vyao kama mpira wa kona ambao hakuna anayeruka kuupiga.

Nyumbani kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Muhula wa pili wa ule mwaka wa insha, Mama alilazwa hospitali wiki mbili. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akitoka kazini anapitia base kucheza drafti, na alikuwa mkali wa drafti, mtaa mzima ulimjua. Wiki hizo mbili aliendelea kucheza, ila alirudi mapema kidogo. Mimi niliendelea kusoma hadithi zangu. Dada, mtahiniwa wa KCPE, ndiye aliyesonga ugali, akafua sare, akampelekea Mama uji kwenye flaski. Hakuna aliyemwambia. Hakukuwa na kikao. Kazi ilimjua yenyewe, ikamwendea. Nami wakati huo nilikuwa najua kwa kichwa kwamba mkono mmoja haulei mwana. Niliitumia kwenye insha.

Kuna atakayesema: bro, hizi ni hadithi, si ilani ya serikali. Mwandishi hana wajibu wa kupanga zamu ya kuosha vyombo. Kweli. Sitaki riwaya ambamo baba anapika sukuma ukurasa wa tatu ili tujue ni mtu mwema. Tunazo hizo tayari kwenye TikTok, upande mmoja mume anayeosha sahani anapigiwa makofi kama amefunga bao, upande mwingine anachekwa kwamba amekaliwa chapati. Zote mbili zinasema kitu kimoja: kwamba yupo mahali asipokaa. Hakuna anayempigia mwanamke makofi kwa kuosha sahani, wala anayemcheka.

Ninachotaka ni kidogo zaidi na ni kigumu zaidi. Nataka fasihi inayojua kazi inachukua muda gani. Shirika letu la takwimu, KNBS, liliuliza hilo katika utafiti wake wa matumizi ya muda wa mwaka 2021. Jibu: wanawake hutumia kama saa nne na nusu kwa siku katika kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa. Wanaume, hata saa moja haifiki. Tofauti hiyo ni zaidi ya saa tatu na nusu kila siku. Kwa muda huo unaweza kumaliza riwaya fupi. Unaweza kucheza drafti hadi mtaa mzima ukujue. Ndiyo maana sikubali kwamba habari ya uraibu ni habari nyepesi. Uraibu ni muda, na muda wa mmoja hutoka mahali.

Na kuna zaidi ya uraibu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema kwamba mchango katika ndoa si pesa tu. Kazi za nyumbani, kulea watoto na hata kulima vinahesabiwa. Ni sheria nzuri. Januari 2023, Mahakama ya Upeo ilifafanua kwamba usawa katika ndoa haumaanishi kila mmoja anapewa nusu ya mali moja kwa moja, lazima mchango uthibitishwe. Nielewe vizuri, sipingi mahakama hapa. Nauliza tu kama msomaji wa vitabu: utathibitishaje miaka ishirini ya kuosha sufuria? Aliyenunua ploti ana hati. Aliyelipa fundi ana ujumbe wa M-Pesa. Sufuria iliyooshwa jana imechafuka leo. Haina risiti. Ikifanywa vizuri, dalili yake ni kwamba huoni chochote.

Hapo ndipo ninapomrudia Mwana Kupona kwa heshima mpya. Yeye aliandika risiti. Ilikuwa na pengo, ilimwelekea mume, iliwafungia mlango watumwa waliokuwa wakiishi naye nyumba moja, lakini ilitaja kazi kwa majina yake. Tangu hapo tumeandika riwaya za ukoloni, ufisadi, ukabila, mapenzi na uhamiaji, nyingine nzuri ajabu, na ndani ya zote watu wamekula. Nani alipika? "Walipomaliza kula," mwandishi anasema, kisha anaendelea na mazungumzo muhimu sebuleni. Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi mno. Siku hizi nikiikuta, nabaki jikoni. Najua kuna mtu pale, mikono imeingia ndani ya povu, anasikia mazungumzo nusu nusu kupitia pazia. Huyo ndiye ninayetaka asimulie.

Wale mnaoandika hadithi fupi usiku baada ya kazi, msiache sinki nje. Si lazima muhubiri. Hesabuni tu. Mhusika wenu akiwa na saa mbili za kupiga gitaa, mjue zimetoka kwa nani. Mhusika akiwa na mama fua anayekuja Alhamisi, mpeni jina, na mjue anafika kwake saa ngapi na nani amewapikia wanawe. Nawahakikishia hadithi haitapoa. Itapata joto kutoka mahali ambapo hamkuwahi kuangalia.

Siku ile Umoja, baada ya ndengu, nilisimama nikabeba sahani. Dada aliniangalia kama mtu anayeangalia mvua ya Januari. Niliosha vyombo vyote, na ile sufuria ya ndengu iliyoshika chini niliisugua hadi kucha zikauma. Ilichukua dakika arobaini. Nilipotoka nilimkuta amelala kwenye kochi, miguu juu, simu kifuani.

Baadaye nilimuuliza, kwa dhati sasa, kama angepewa ile insha leo angeandika nini.

Alifikiria muda mrefu. "Sijui," akasema. "Nipe kwanza Jumamosi kadhaa nijaribu vitu."